Sanduku la Kasiksi

Jomba, tarehe 8 Machi 1953

Kwa ndugu yangu mudogo Viateur Sibomana, seremala, Birere, Goma.

Asifiwe Yesu Kristu. Mbele ya yote nakusalimia wewe na muke wako Marcelline. Huku tuko wazima kidogo. Mvua imeshuka vizuri, maharagi yamesimama, ng'ombe yule mweusi amezaa jike. Watoto wangu wote wawili wanakusalimia. Nyirarukundo ametimiza miaka kumi na mine na amenipita kwa urefu. Élisabeth ana tisa, anashinda akiimba nyimbo za kanisa na kuzikosea.

Anayeniandikia ni Mama Eugénie, muke wa muganga wa dispansere. Yeye ni mutu wa Butembo, Kinyarwanda hakimuingii, basi tunasemezana Kiswahili na barua inakuja Kiswahili. Usicheke.

Neno langu ni hili. Tangu Évariste wangu alipokufa, nakaa katika uwanja wa shemeji yangu Munyaneza. Napika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kama zamani, kwa ndizi alizozipanda Évariste, na siku ya soko watu wanakuja. Lakini chungu hakina mulango. Munyaneza anapita na kibuyu chake, anachota. Rafiki zake wanapita, wanachota. Nikifungua kinywa ananiuliza, "Chungu ni cha nani? Ndizi ni za nani? Na wewe mwenyewe ni wa nani?"

Mwaka jana, sikukuu ya wazungu wa shamba la kahawa, niliona bia yao ndani ya sanduku la mbao lenye robine ya shaba. Mutu anageuza kwa vidole viwili, bia inashuka, akifunga, imefunga. Nilisimama nikaangalia mpaka mupishi wao akanifukuza. Niundie sanduku kama lile, la kuwekea kasiksi. Liwe na kufuli. Na liwe la kubebeka, lisiwe kama kabati. Liweze kupanda kamio, gari la mizigo.

Usiniulize litapanda kamio kwenda wapi.

Ni mimi yaya yako, dada yako mukubwa,
Mukagasana

Goma, tarehe 2 Aprili 1953

Yaya Mukagasana,

Pasaka njema kwako na kwa watoto. Barua yako ilikaa posta wiki mbili, kisha ikakaa mfukoni mwangu siku tatu, maana kila nikiimaliza naanza tena kutoka juu. Marcelline ni muzima. Ana mimba, Mungu akipenda, mwezi wa nane tutakuwa watatu. Huku Birere mawe ya mulima wa moto yanakula viatu, nimetia soli mara ya pili tangu Noeli.

Sanduku nimelielewa. Nimelichora kwenye karatasi ya mufuko wa saruji. Jambo la kwanza ni muti. Kalitusi inaipa pombe harufu ya dawa ya kikohozi, na sipresi inatoa utomvu. Nitatumia umwungo, ule muti mweupe ambao baba alichongea muvure wa kukamulia ndizi. Hauna harufu, hauna uzito. Mbao zitashikana zenyewe kwa zenyewe, bila musumari hata mumoja ndani, kisha nitapaka nta ya nyuki ya moto mara mbili. Robine itakaa kidole kimoja juu ya sakafu, ili machicha yabaki chini na bilauri ipate pombe safi. Kwenye kifuniko natoboa tundu dogo lenye kizibo, kwa sababu kasiksi changa inapumua. Ukiifunga kabisa itapasua mbao. Nje ya sanduku hilo naweka la pili, na katikati yao majani makavu ya ndizi, jua lisiipige.

Patron wangu, muzungu tunayemuita Bwana Santimetre kwa sababu anapima hata kivuli chake, ameniruhusu kuokota vipande vya mbao vinavyobaki na kuunda saa ya mapumziko. Kabla ya Pentekoste utakuwa nalo.

Jambo lingine. Kontra yangu ya kazi inaisha mwezi wa nane. Hapo nitapanda kamio nije mwenyewe, tuongee na Munyaneza mutu na mutu. Vumilia mpaka hapo. Nimekutii, sikuuliza litapanda kamio kwenda wapi. Lakini nafikiri najua.

Ndugu yako,
Viateur

Jomba, tarehe 31 Mei 1953

Kwa Bwana Viateur Sibomana, Goma.

Salamu katika jina la Bwana wetu. Mimi dada yako Mukagasana ni muzima na watoto ni wazima. Mama Eugénie amekwenda Butembo kwenye kilio cha mama yake. Barua hii inaandikwa kwa mukono wa katekista wetu mupya, mutu mwema, anayekula kwa shemeji yangu.

Shemeji yangu Munyaneza anatutunza vizuri sana. Hatukosi kitu. Amepanga mambo ya nyumba hii kwa akili, na mimi nimekubali yote. Lile sanduku lisikusumbue tena, sina haja nalo.

Nisalimie muzee Ntirenganya. Mwambie namkumbuka sana, na mambo yakiendelea hivi nitamuona karibuni.

Dada yako katika Kristu,
Mukagasana

Goma, tarehe 20 Juni 1953

Yaya yangu,

Barua hii haipiti posta wala parokia. Grégoire, shoferi wa kamio ya maharagi, ataitia mukononi mwa Mama Eugénie, na nimeambiwa amekwisha kurudi. Akusomee mukiwa wawili tu.

Umeniambia nimsalimie muzee Ntirenganya. Yeye, baba yetu, tulimzika Munigi mwaka wa 1949, wewe na mimi tukibeba mawe ya kufunika kaburi. Nilipofika kwenye lile neno la kumuona karibuni, Marcelline aliniondolea barua mukononi akaniketisha chini.

Kumetokea nini? Munyaneza amepanga mambo gani? Amekupiga? Anataka kukuoa? Niambie jina la jambo lenyewe.

Sanduku bado. Robine ya shaba haijafika kutoka Bukavu, na mbao zinataka kukauka zaidi. Nakuomba usifanye neno lolote mpaka nikuandikie tena.

Viateur

Jomba, tarehe 12 Julai 1953

Viateur, mutoto wa mama,

Namsalimia Marcelline na mimba yake. Mutama umeanza kuwa mwekundu mashambani. Mama Eugénie amerudi amekonda, lakini mukono wake ni uleule, na leo tumefunga mulango wa dispansere kana kwamba ananifunga kidonda.

Naanza na neno lako. Grégoire alipoleta barua alikaa kwetu kunywa kidogo. Akacheka akasema, "Huku munakunywa kwa kibuyu? Goma, kwenye hoteli ya kando ya ziwa, bia inatoka katika sanduku la mbao. Nimeliona kwa macho. Ndani mbao nyeupe, nje mbao nyingine, katikati majani ya ndizi." Nilimwacha amalize kicheko chake. Robine haijafika kutoka Bukavu, Viateur? Mbao hazijakauka? Uliuza sanduku langu kwa wazungu?

Sasa neno langu. Ulifikiri nalilia kibuyu cha pombe, na mimi nilikuacha ufikiri hivyo. Munyaneza hanitaki mimi, mimi ni muzee kwake. Ni Nyirarukundo. Amemwahidi kwa kapita, musimamizi wa shamba la kahawa, mutu mwenye wake wawili na wajukuu. Alianza maneno hayo mwezi wa pili, ndiyo sababu niliandika. Nilikuwa nataka kuzoeza watu wa hapa kuniona nikipanda kamio na pombe yangu, leo Rutshuru, kesho Goma, nirudi, nipande tena, mpaka siku moja nipande na watoto wangu na asiwepo wa kuniuliza. Nilihesabu miezi sita ya kuwazoeza. Hiyo miezi umeila wewe.

Ng'ombe za mahari za kapita zimekwisha kuingia katika boma. Watoto wanalala kwa muke mukubwa wa Munyaneza, nawaona muchana tu. Arusi ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mutama ukishavunwa. Nilimwambia Munyaneza, "Huyu ni mutoto." Akanijibu, "Ni mutoto wa ndugu yangu. Wewe ukitaka kurudi kwenu, njia iko wazi. Watoto ni wa ukoo wetu, watabaki." Nilikwenda kwa chefu wetu. Alinisikiliza vizuri, na siku ya pili nikamuona chini ya ukumbi wa Munyaneza akinywa kasiksi yangu.

Nyirarukundo haulizi kitu. Anachota maji, anakoka moto. Jana nilimkuta amekaa nyuma ya ghala anakata nywele zake kwa kisu, ili asionekane vizuri.

Nijibu ukweli au usinijibu.

Mukagasana

Goma, tarehe 9 Agosti 1953

Yaya,

Mutoto amezaliwa tarehe 4, mwanaume, analia kama tarumbeta. Marcelline ni muzima. Nilitaka barua ya furaha, lakini umeniomba ukweli.

Sanduku lako lilikwisha wiki moja kabla ya Pentekoste. Nililijaza maji siku nzima, halikutoa tone. Nikatia kasiksi ya jirani, mafundi wenzangu wakanywa, wakapiga makofi. Bwana Santimetre akayasikia makofi. Alikuja, akageuza robine, akafunga, akageuza tena.

"Nani alikupa mbao?" akaniuliza.

"Ni wewe, Bwana. Uliniambia niokote vipande."

"Una karatasi?"

"Sina, Bwana."

"Basi chagua. Au uliiba mbao zangu, na utakwenda buloko leo. Au sanduku hili uliniundia mimi."

Mafundi wote walikuwa wakiangalia miguu yao. Nilifikiria kufungwa buloko, na mimba ya Marcelline. Nikasema, "Nilikuundia wewe."

Lilikwenda hotelini muchana uleule. Hoteli ikaagiza mengine manane. Hakuna fundi mwingine anayejua kulifunga lisivuje, basi akaniwekea kontra mupya mezani: miaka mitatu, mpaka tarehe 20 Mei 1956. Kitabu changu cha kazi kiko ndani ya kabati lake, na ufunguo uko shingoni mwake. Nilitia sahihi. Nilipokuandikia habari ya robine ya Bukavu, sahihi ilikuwa na mwezi mumoja. Niliona haya, yaya. Niliona nikikuambia siwezi kuja, utakata tamaa. Kumbe nilikuwa naila miezi yako, kama ulivyosema.

Nikitoka Goma bila ruhusa yake wananikamata njiani. Siwezi kuja. Lakini nimeunda sanduku lingine. Bikizee mumoja wa Munigi aliniuzia muvure wake wa zamani, nikaupasua mbao. Nimeunda nyumbani, Jumapili baada ya misa, mbele ya jirani wote, asiweze mutu kusema nimeiba. Robine nimeichonga mwenyewe kwa muti mugumu. Grégoire analileta pamoja na barua hii.

Utaona ni kubwa kuliko ulivyoomba. Nimefanya hivyo makusudi. Lina mishikio miwili ya kamba, huku na huku. Likijaa, hata mwanaume hawezi kulibeba peke yake. Linataka wawili wa kubeba na wa tatu wa kupanda mbele kulipokea juu ya kamio. Nyinyi ni watatu.

Ubatizo wa mutoto wetu ni Jumapili tarehe 30. Ndani ya bahasha kuna barua ya padri wa huku, inamualika shangazi wa mutoto na binti zake, na inaomba kasiksi ya karamu. Ipeleke barua hiyo kwa Munyaneza siku ya misa, mbele ya watu. Hawezi kukataa ubatizo mbele ya kanisa. Grégoire atapita njia panda Alhamisi tarehe 27, jua likiwa juu ya vichwa.

Njooni wote watatu. Mukishafika, hamutarudi.

Viateur

Njia panda ya Rutshuru, tarehe 27 Agosti 1953

Viateur,

Leo sianzi na salamu. Anayekupa barua hii ni Nyirarukundo. Yuko peke yake.

Mama Eugénie amenisindikiza mpaka hapa na anaandika karatasi ikiwa juu ya sanduku. Grégoire amezima mota anatungoja, basi nitasema upesi.

Munyaneza alisoma barua ya padri mbele ya watu, akacheka, akasema, "Nani anaweza kukataa ubatizo?" Akanipatia hata barua ya njia kutoka kwa chefu. Kasiksi ilitoka nzuri, utaionja. Leo asubuhi tulipoinua sanduku, mimi na Nyirarukundo, Élisabeth akatangulia. Munyaneza akamshika mukono. Hakumvuta kwa nguvu, alimshika tu, kama baba anavyomshika mutoto sokoni.

"Huyu mudogo atabaki na mimi," akasema. "Safari ni ndefu."

Nikasema, "Kuna kazi ya kupokea sanduku."

"Shoferi atapokea. Nenda salama, mama. Nakungoja Jumanne."

Élisabeth hakulia. Alifikiri ni siku tano tu.

Njia yote tulibeba tukibadilishana mikono. Tulipotua hapa Nyirarukundo akaniambia, "Mama, mimi na wewe tukipanda, ng'ombe wamekwisha kuliwa. Watamtoa nani?" Nami nilikuwa nimekwisha kuwaza hilo tangu uwanjani, nikiomba asiliwaze yeye. Alitaka kurudi. Alishika mushikio wa sanduku akaanza kuliburuta kurudi tulikotoka, na pombe ikawa inalia ndani. Nilimpiga kofi, Viateur. Sikuwa nimepata kumpiga tangu alipozaliwa. Kisha nilimpandisha juu ya kamio mimi mwenyewe.

Narudi kwa Élisabeth. Nitasema nimeshikwa na tumbo njiani, na kwamba mukubwa atarudi Jumanne na kamio. Hiyo itanipa siku tano. Baada ya hapo nitasema mimi ndiye niliyemtuma, wafanye watakavyo.

Usimrudishe. Barua yoyote itakayokuja kwa mukono wa katekista, ikisema mlete mutoto, mimi mama yake namlilia, hiyo siyo mimi. Hata nikiisema kwa kinywa changu, hiyo siyo mimi.

Kadi yake ya ubatizo imeshonwa ndani ya upindo wa kitambaa chake. Mupeleke kwa masere, wale watawa wa misioni. Hapendi maharagi yaliyolala, na akinyamaza sana musemeshe.

Mukagasana

Goma, tarehe 4 Oktoba 1953

Yaya Mukagasana,

Nakusalimia sana. Marcelline anakusalimia, na mutoto tuliyembatiza jina la Évariste anakusalimia kwa ngumi. Grégoire amenihakikishia barua hii itafika kwa Mama Eugénie, lakini hakuweza kuniambia unalala wapi siku hizi na unakula nini. Aliniambia tu kwamba alikuona kwa mbali, ukitembea, na muguu mumoja ukiuburuta. Sikuuliza zaidi. Ukiweza, niambie wewe.

Nyirarukundo alifika na vumbi mpaka kwenye kope. Siku ya ubatizo alikaa nyuma ya sanduku akageuza robine muchana kutwa, akiwapa watu kwa zamu, na wote walisema hawajapata kunywa kasiksi safi hivyo. Hakusema neno. Kesho yake nilimpeleka kwa masere. Waliisoma kadi yake, wakauliza mambo mawili matatu, wakampa kitanda. Sasa anajifunza kushona na kusoma. Maneno yameanza kumrudia. Neno lake la kwanza kwa Marcelline lilikuwa hili: "Mama alinipiga ili nimuchukie, nipande." Marcelline akamwambia, "Ulimchukia?" Akasema, "Nilipanda."

Barua ya katekista ilifika tarehe 10 Septemba. Ilisema vilevile ulivyosema itasema, hata na kulia. Niliisoma mara moja, nikaitia ndani ya moto wa kuchemshia gundi.

Kisha Munyaneza akaja mwenyewe, na katekista, na karatasi ya chefu. Alinikuta atelie, kwenye kazi yangu. Bwana Santimetre akamuuliza anataka nini na fundi wake saa za kazi. Akamjibu kwamba anatafuta mutoto wa ukoo wake. Bwana Santimetre akasema, "Ukoo siujui. Huyu ni wangu mpaka 1956. Mungojee barabarani." Mara ya kwanza kufungwa kwangu kulinisaidia, na hata hapo sikujua nicheke au nilie.

Saa kumi na moja tulikwenda wote kwa masere. Mère, mukubwa wao, akamuita Nyirarukundo, akamuuliza mbele yetu, "Unataka kwenda na huyu baba yako mudogo, uolewe?"

Nyirarukundo alisogea karibu na Mère. Akasema, "Hapana."

"Sema tena, asikie."

"Hapana. Sitaki."

Mère akamwambia Munyaneza kwamba mutoto aliyebatizwa haozwi kwa kamba, na akitaka kushitaki, njia ya kwenda kwa administrateri wa serikali ni ile pale. Munyaneza akatazama ile njia. Hakuifuata.

Tulirudi kwangu, maana sikuweza kumlaza barabarani, ni shemeji yetu. Alikula. Alipomaliza akaona sanduku pembeni, akainuka, akageuza robine, akanusa ndani.

"Hili linatoka katika uwanja wangu," akasema.

Nikamwambia, "Lichukue." Nilimsaidia mimi mwenyewe kulifunga kamba juu ya kamio. Marcelline alikasirika, lakini nilijua litafika kwako, na mikono yako itapata kitu kilichotoka mikononi mwangu. Basi litakuwa hapo uwanjani unapolisikia hili. Watakunywa kwalo, na wewe utawageuzia.

Nimebakiza neno moja, ambalo nimeliacha mpaka mwisho kwa sababu sijui namna ya kuliandika. Nilipokuwa nakaza kamba, Munyaneza aliniambia polepole, bila hasira, kama mutu anayezungumza habari ya mvua: "Kapita amekubali kungoja. Hakudai ng'ombe. Mudogo naye atakua."

Nilihesabu usiku kucha. Mimi natoka kwa Bwana Santimetre tarehe 20 Mei 1956. Siku hiyo Élisabeth atakuwa na miaka kumi na mbili. Tarehe 21 nitakuwa juu ya kamio.

Kwa hiyo nakuomba jambo lisilo la kuombwa, yaya. Wewe unakaa karibu naye. Usimvalishe nguo za dada yake. Asiinue mitungi mikubwa mbele ya watu, aimbe nyimbo zake vibaya, acheze na watoto wadogo. Mwambie asikue haraka.

Ndugu yako,
Viateur